Kabla bamvua halijapita: seva zinazobeba huduma za pwani ya Lindi

Mkulima wa ufuta wa Kipatimu siku hizi haonani na mnunuzi. Anapeleka gunia lake AMCOS, chama cha ushirika cha msingi, linapimwa, linaingia ghalani, naye anabaki na stakabadhi. Tangu msimu wa 2024 mnada wenyewe unapitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX: mnunuzi anaweka bei akiwa ofisini kwake Dar es Salaam, na wakulima waliokusanyika kwenye uwanja wa chama wanaisoma kwenye skrini, kisha wanakubali au wanakataa. Kwenye hospitali na vituo vya afya vya serikali, mgonjwa anaandikishwa kwenye mfumo wa GoTHOMIS kabla ya kumwona daktari. Mwenye duka wa Kilwa Masoko anayetaka leseni ya biashara anaiombea kwenye mfumo wa TAUSI. Mgeni anayevuka kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani anapewa kontroo namba, analipa, ndipo anapanda boti.

Nyuma ya shughuli hizi kuna seva, na kwa mifumo mingi ya leo seva hiyo si mashine unayoweza kuishika mkononi. Ni seva pepe, moja kati ya nyingi zinazoishi ndani ya mashine moja kubwa, zikigawana prosesa, memori na diski zake. Kinachowezesha mgawo huo ni programu inayokaa kati ya chuma na mifumo, mafundi wanaiita haipavaiza. Programu hiyo inazeeka, na kila baada ya miaka michache lazima ipandishwe toleo. Ikiahirishwa, kwa muda mrefu hakuna anayeona tofauti. Halafu siku moja mama aliyetoka Njinjo na mtoto mgonjwa anaambiwa dirishani kwamba mfumo unasumbua, arudi mchana, na nauli ya bodaboda ameshaitoa.

Ninaandika kwa sababu naamini kazi hii imewekwa mahali pasipofaa kwenye vichwa vya wanaopanga bajeti. Inachukuliwa kama anasa ya mafundi, kitu cha kuombea fedha kikishaharibika. Ni matengenezo ya kawaida, yenye haki ya kuwa na tarehe na kasma yake mapema, na wanaoumia zaidi yanapoahirishwa ni watu walio mbali na makao makuu, kama sisi wa mwambao wa kusini. Ofisi ya Dar es Salaam mfumo ukilala fundi anafika kwa bajaji. Kilwa Masoko iko takriban kilomita 300 kutoka huko, na Lindi mjini ni mbali zaidi.

Watu wa Kilwa wanaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi, kwa sababu wanaishi na majahazi. Jahazi moja linapakia mali za watu mbalimbali: mbao za huyu, chumvi ya yule, magunia ya mwingine. Wenye mali hawajuani, wala hawana haja ya kujuana. Nahodha ndiye anayejua nini kimekaa wapi na uzito umegawanywaje ili chombo kisilale upande. Haipavaiza inafanya kazi ya nahodha huyo. Na jahazi, hata liwe zima kiasi gani, lina siku zake za kupandishwa ufukweni. Maji ya bamvua yakijaa linasogezwa juu ya mchanga, yakitoka linabaki limeegemezwa kwenye magogo, na mafundi wanaingia kazini: kuchokoa pamba iliyooza kwenye maungio ya mbao, kukalafati kwa pamba mpya iliyolowa mafuta, kupaka deheni tumboni. Kazi hiyo ina mwisho wake. Bamvua linalofuata likija, chombo kiwe tayari kuelea, la sivyo kinangoja wiki mbili nyingine. Na shehena haikai ndani wakati wa kukalafati. Inahamishiwa chombo kingine kwanza.

Tofauti na jahazi ni kwamba seva pepe zinahamishwa zikiwa safarini. Uwezo huo ulianza kuuzwa mwaka 2003 na kampuni ya VMware ya Marekani, iliyoanzishwa 1998, na hadi leo ndio uti wa mgongo wa kazi nzima. Wazo lenyewe la kuigawa kompyuta ni la zamani zaidi. Mwaka 1967 wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Massachusetts, waliifanya mashine yao moja kubwa ijione kama mashine nyingi. Miaka miwili kabla ya hapo Tanzania ilikuwa imefunga kompyuta yake ya kwanza, Wizara ya Fedha; na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona fedha nyingi zimetoka na manufaa hayajarudi. Nadhani kumbukumbu ya uamuzi ule inastahili kubaki hai kwa yeyote anayenunua teknolojia kwa fedha za umma. Kasoro ya miaka ile haikuwa mashine peke yake. Hapakuwa na watu wala mipango ya kuitunza.

Tuingie sasa ndani ya chumba cha seva. Chukulia taasisi ya kawaida yenye mashine tatu kubwa kwenye raki, stoo moja ya diski inayotumiwa na zote tatu, na seva pepe arobaini hivi juu yake. Fundi anayetaka kuzipandisha toleo anaanza kwa kalamu na karatasi. Anaorodhesha kila seva pepe: inafanya kazi gani, inamtumikia nani, nani mwenye mamlaka ya kusema izimwe. Hatua hii inaonekana ya kikarani, lakini ndiyo inayofichua mambo. Karibu kila taasisi ina seva pepe iliyofungwa na mtu aliyeshahama kituo, haina jina la maana, na hakuna anayethubutu kuizima. Wakati mwingine ndiyo inayochapa stakabadhi.

Kisha anaangalia chuma chenyewe. Toleo jipya si lazima likubali mashine ya zamani. VMware walipotoa toleo la saba, mwaka 2020, waliondoa kabisa viendeshi vya zamani vilivyokuwa vikizihudumia kadi nyingi za mtandao na za diski, na mashine ambayo jana ilikuwa nzima ikawaka bila kuona kebo yake ya mtandao. Ipo orodha ya vifaa vinavyokubalika, inatolewa na mtengenezaji, na kuisoma kunachukua jioni moja. Vilevile kuna matoleo yasiyorukwa: aliyekwama kwenye toleo la 6.5 hawezi kwenda moja kwa moja la nane, lazima apitie la kati, yaani kazi moja inakuwa kazi mbili na usiku mmoja unakuwa usiku mbili. Hilo ndilo deni la kuahirisha, na linakua bila mtu kuliandika popote.

Inafuata bakapu. Hapa nasisitiza jambo ambalo wasimamizi wengi hawaulizi: bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa bado ni matumaini tu. Fundi makini anachukua nakala ya seva moja muhimu, anaifungua pembeni isikogusana na mtandao wa kazi, anaingia ndani yake na kuangalia kama kumbukumbu za wiki iliyopita zipo. Akiziona ndipo anaendelea. Na haichanganyi bakapu na ile picha ya papo kwa papo ambayo haipavaiza inaweza kuipiga kabla ya badiliko. Picha hiyo inasaidia kurudi nyuma kwa saa chache, lakini ikisahaulika inaendelea kunenepa ndani ya stoo ileile, mpaka nafasi inaisha na seva zote zinazoishi humo zinasimama kwa pamoja. Wapo waliolala wakiwa wamemaliza kazi vizuri, wakaamshwa wiki ya tatu kwa sababu ya picha iliyosahaulika.

Usiku wenyewe una mpangilio usiobadilishwa. Kwanza inapandishwa seva ya usimamizi, ile inayozitazama mashine zote tatu, kwa sababu toleo jipya la msimamizi linaweza kuziongoza mashine za toleo la nyuma yake kidogo, lakini msimamizi wa zamani hawezi kuiongoza mashine mpya. Kwa VMware, msimamizi mpya anajengwa pembeni ya yule wa zamani akiwa na anwani ya muda. Data inanakiliwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kisha wa zamani anazimwa na mpya anachukua jina na anwani yake. Yule wa zamani hafutwi. Mambo yakiharibika, unamzima mpya na kumwasha wa zamani, unarudi ulikotoka. Sijui ustaarabu mzuri kuliko huu katika kazi za ufundi, wa kuacha njia ya kurudi ikiwa wazi mpaka ya mbele imethibitika.

Yanayokwamisha hatua hii mara nyingi ni madogo ya kukera. Jina la seva halilingani na anwani yake kwenye daftari la majina ya mtandao. Saa ya mashine moja imepishana na ya nyingine. Cheti cha usalama kimekwisha muda. Nywila ya mtumiaji mkuu imeisha kwa sababu ya kanuni ya siku 90, na hakuna aliyeingia humo tangu mwaka jana. Hakuna kati ya haya linalohitaji fedha. Yote yanahitaji mtu aliyepewa muda wa kukagua wiki mbili kabla.

Ikifika zamu ya mashine kubwa, zinapandishwa moja baada ya nyingine. Fundi anaiweka ya kwanza kwenye hali ya matengenezo, na seva pepe zilizo juu yake zinaanza kuhama zenyewe kwenda kwa wenzake wawili. Kinachohamishwa ni memori. Inanakiliwa yote huku seva ikiendelea kufanya kazi. Kisha zinanakiliwa kurasa zilizobadilika wakati wa kunakili. Kisha zile chache zilizobadilika wakati wa kunakili mabadiliko. Mpaka kinachobaki ni kidogo kiasi kwamba seva inasimamishwa kwa chini ya sekunde moja, inamalizia kuhama, inaendelea upande wa pili. Karani wa zamu ya usiku anayeandikisha mgonjwa wakati huo hajui kwamba kompyuta anayoiandikia imehama kutoka mashine moja hadi nyingine katikati ya sentensi yake. Nimetazama jambo hili likitokea kwenye skrini, mstari mmoja mmoja wa majina ukihama, na bado linanistaajabisha.

Mashine ikishabaki tupu inapandishwa toleo na kuwashwa upya. Seva kubwa haiwaki kama kompyuta ya mezani. Inakagua memori yake benki kwa benki, feni zinanguruma kwa nguvu zote, skrini inabaki nyeusi kwa dakika ambazo mtu anaziona ndefu sana. Ikirudi, fundi anaangalia kama inaona stoo, inaona kila kebo ya mtandao, haina taa ya njano. Ndipo seva pepe chache zinarudishwa juu yake kwa majaribio, na baada ya kungoja kidogo anahamia ya pili.

Sharti la yote haya ni moja, na ni la kibajeti: mashine mbili ziweze kubeba mzigo wa tatu. Taasisi nyingi zilianza zikiwa na nafasi hiyo, kisha kila mwaka ukaongezwa mfumo mmoja, mwaka mwingine miwili, mpaka mashine zote tatu zikajaa pomoni. Hapo hata ukiwa na fundi hodari hakuna pa kuhamishia shehena. Unabaki na chaguo la kuzima huduma mchana kweupe au kutoifanya kazi kabisa, na mara nyingi linachaguliwa la pili.

Gharama ya chaguo hilo ilionekana duniani kote mwanzoni mwa Februari 2023. Wahalifu walizishambulia seva zenye haipavaiza ya VMware zilizokuwa wazi kwenye intaneti, wakafunga mafaili ya seva pepe kwa ufunguo wao na kudai kikombozi. Kikosi cha usalama wa mtandao cha Ufaransa kilitoa tahadhari tarehe 3 ya mwezi huo. Seva zaidi ya 3,000 zilipatwa, nyingi zikiwa Ulaya na Marekani Kaskazini. Tundu wanaloaminika kulitumia lilikuwa limezibwa na mtengenezaji tangu Februari 2021. Kiraka kilikuwepo kwa miaka miwili, bure kwa kila mwenye leseni. Walioathirika ni wale waliosema wataifanya kazi hiyo baadaye. Uchungu wa shambulio la aina hii ni kwamba halichukui mfumo mmoja. Anayeishika haipavaiza anazishika zote arobaini kwa mpigo mmoja.

Miezi michache baadaye likaja jambo jingine, la kibiashara. Tarehe 22 Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, na mwezi uliofuata ikasitisha kuuza leseni za kudumu. Tangu hapo mteja analipa kwa muda, na hesabu inafanywa kwa idadi ya viini vya prosesa, visivyopungua 16 kwa kila prosesa. Kwa benki kubwa ni maumivu yanayovumilika. Kwa halmashauri, chuo au hospitali ambayo ilinunua leseni mara moja na kuiweka kwenye vitabu kama mali, ni badiliko la aina nzima ya matumizi: kilichokuwa cha mtaji kimekuwa cha kila mwaka, tena kwa dola, katika kipindi ambacho nchi yetu ilikuwa ikihangaika na uhaba wa dola. Usaidizi wa toleo la saba ulikwisha tarehe 2 Oktoba 2025. Mwenye toleo hilo leo anaendesha chombo ambacho aliyekiunda hakitengenezi tena.

Ndiyo maana mazungumzo ya mafundi kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi yamehamia kwenye njia nyingine, na hasa Proxmox, programu ya wazi iliyotoka Vienna, Austria, mwaka 2008. Ndani yake kuna KVM, haipavaiza iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux Februari 2007. Haina leseni ya kununua. Anayetaka usaidizi rasmi ndiye analipia. Kila toleo kubwa linakuja na programu ndogo ya ukaguzi: fundi anaiendesha kabla ya kupandisha, nayo inamwambia mstari kwa mstari kipi kiko sawa na kipi kitakwama. Mimi naiunga mkono njia hii kwa taasisi ndogo za pwani yetu, lakini kwa sharti moja ninaloliona halisemwi vya kutosha: fedha iliyookolewa kwenye leseni itumike kumsomesha fundi. Programu ya bure iliyo mikononi mwa mtu asiyeijua itageuka kuwa ghali kuliko ile ya kulipia.

Na fundi huyo, kwenye halmashauri nyingi, yuko peke yake au yeye na mwenzake mmoja. Afisa Tehama huyohuyo ndiye anayetengeneza printa ya uhasibu, anayefunga projekta kwenye kikao cha madiwani, anayepigiwa simu kutoka zahanati ya mbali kwamba kompyuta imegoma kuwaka. Ukimwambia apange usiku wa kupandisha toleo, unamwambia aibe usingizi wake. Anastahili siku mbili za kukagua, usiku wa kazi wenye posho, na mwenzake wa kumsomea hatua kwa sauti ili asikosee. Nawaheshimu sana watu hawa. Kazi yao ikienda vizuri hakuna anayejua kama imefanyika, na hakuna mkurugenzi anayewapongeza Jumatatu asubuhi kwa sababu ofisi imefunguliwa kama kawaida.

Mwambao wetu nao una matatizo yake yasiyoandikwa kwenye vitabu vya watengenezaji. Chumba cha seva kinatakiwa kiwe kati ya nyuzijoto 18 na 27. Lindi mwezi wa Januari, kiyoyozi kikizimika kwa saa moja tu, chumba kidogo kilichofungwa kinapita hapo haraka. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi pamoja na unyevu vinakula miguu ya vifaa polepole. Mashine ya Masoko haizeeki kwa kasi ileile na ya Dodoma. Umeme ukikatika katikati ya kupandisha toleo, mashine inaweza kubaki nusu mpya nusu ya zamani. Jenereta ijaribiwe mchana ule ule, na betri za UPS zipimwe kwa mzigo halisi, maana taa ya kijani peke yake haitoshi.

Lipo jambo linalonigusa zaidi kuhusu umeme. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kituo cha Taifa cha Data kipo Kijitonyama, kwenye jiji hilohilo. Kilwa imechangia kwa miaka mingi umeme wa jiji ambamo mifumo ya nchi inahifadhiwa, na inapokea huduma ya mifumo hiyo kupitia mwisho wa kebo ndefu. Si lawama kwa yeyote. Ni sababu ya kudai kwamba upangaji wa matengenezo ya mifumo hiyo uufikirie mwambao huu kama mshirika, ambaye kalenda yake ina uzito.

Mei 2024 ilionyesha kwa nini. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua iliyoambatana nacho ikavunja barabara kuu ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga na maeneo mengine ya Kilwa. Magari yalipanga foleni pande zote mbili, mizigo ikaozea njiani. Siku nane baadaye, tarehe 12, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa kusini, na intaneti ya nchi nzima ikadhoofika. Mambo haya mawili hayakuhusiana, lakini kwa mtu aliyekuwa Lindi yalifuatana kama moja: kwanza barabara, kisha mtandao. Kama ingetokea siku hizo diski ya seva ikafa kwenye hospitali ya mkoa, Sokoine, ya kubadilishia ingepita wapi?

Matukio hayo mawili yanafundisha vitu viwili tofauti, na ni kosa kuvichanganya. Kukatika kwa kebo za baharini kunaonyesha faida ya kuweka mifumo ndani ya nchi, kwa sababu njia ya kutoka Lindi hadi Kijitonyama ni Mkongo wa Taifa, haipiti kwenye kebo hizo. Kukatika kwa barabara kunaonyesha kwamba ndani ya nchi peke yake hakutoshi. Kebo za nchi kavu mara nyingi zinafuata barabara, na barabara yetu inavunjika. GoTHOMIS ilianza kwa kufungwa kwenye kompyuta za kituo chenyewe, baadaye likaja toleo la pamoja linalounganisha vituo. Faida za kuunganisha ni kubwa na sitaki turudi nyuma. Lakini naona umuhimu wa kuwa na mashine mbili ndogo pale Lindi mjini, zenye nakala ya huduma za uhai kama hospitali, zinazoweza kusimama zenyewe kwa siku kadhaa na kusawazisha kumbukumbu njia ikirudi. Teknolojia hii ya seva pepe ndiyo inayofanya jambo hilo liwezekane bila kujenga jumba: seva ya hospitali ni faili, na faili linaweza kuwa na pacha wake mahali pengine. Pacha huyo naye atahitaji kupandishwa toleo, tena sambamba na mwenzake, maana matoleo yakipishana sana kunakiliana kunakwama.

Narudi kwenye kalenda, kwa sababu hapo ndipo watu wa pwani wana la kusema ambalo fundi aliye mbali hawezi kulijua. Mpangaji wa Dar es Salaam au Dodoma anayetafuta usiku tulivu anaangalia mwisho wa mwezi wa mishahara na tarehe 30 Juni ya kufunga mwaka wa fedha. Vyote ni sahihi. Lakini Juni na miezi inayofuata kusini ni minada ya ufuta. Oktoba hadi Desemba ni minada ya korosho. Machi hadi Mei ni masika, mvua inakata umeme na barabara. Aprili na Mei, wataalamu wa hali ya hewa wakitangaza kimbunga, hakuna mtu anayepaswa kugusa seva yoyote inayohudumia mwambao. Ukiondoa miezi hiyo unabaki na nafasi mbili nzuri: Januari na Februari, ambazo joto lake ni kali kwa vyumba vya seva, na Septemba.

Kwa wanaobaki na VMware, toleo la nane nalo usaidizi wake unakwisha Oktoba 2027. Maandalizi ya bajeti ya 2027/28 yanaanza miezi ya mwisho ya 2026, na fedha yake haiwezi kutumika kabla ya tarehe 1 Julai 2027. Kutoka hapo mpaka Oktoba kuna miezi mitatu: zabuni ipite NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, vifaa vifike bandarini na vipande lori hadi Lindi, vifungwe, vijaribiwe. Ni muda mfupi, na mzabuni mmoja akichelewa unaisha. Kwa hiyo afisa Tehama wa halmashauri au hospitali yoyote kati ya Kilwa na Lindi apeleke ombi lake kwa mkuu wa idara sasa, likiwa na orodha ya seva zake zote, umri wa kila mashine, njia atakayofuata, iwe ya kulipia au ya wazi, na usiku anaouomba: wa Septemba 2027, ufuta ukiwa umeshauzwa na mnada wa kwanza wa korosho bado haujatangazwa.